Vazi la Mtemi: Kuisoma Picha ya Ungugu wa Unyambewa, 1858

Utangulizi

Makala hii ina shabaha ya kuichunguza picha moja ya mwanamke mtawala aliyeishi katika nchi ya Wanyamwezi, kaskazini ya Tabora, karne ya 19. Picha hiyo haikuchorwa kwa rangi, bali kwa maneno. Mchoraji wake ni John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza la India, na mchorwa ni Ungugu, mtemi wa Unyambewa. Walikutana mwezi wa Julai 1858, siku chache za mwendo kutoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, katika nchi ileile ambamo Bukene imo. Speke aliyachapisha maelezo yake katika kitabu mwaka 1864. Yamo katika kurasa chache tu, na kwa kawaida wasomaji huzipita upesi kwa sababu wana haraka ya kufika Ziwa Victoria pamoja na mwandishi. Sisi tutasimama hapo njiani.

Je, jambo hili lawahusu nini wachungaji na wanafunzi wa theolojia? Lawahusu sana. Kila siku mchungaji huwasoma watu kwa macho kabla hawajafungua vinywa vyao. Huona bangili, hirizi shingoni, kanga, viatu, au kukosa viatu, naye huamua moyoni huyu ni nani. Namna yetu ya kutazama ina historia, na historia hiyo ilipita katika njia ya misafara. Basi tutauliza maswali matatu. Kwanza, vitu alivyovaa mchorwa vinasema nini? Pili, nani aliyeishika kalamu, naye alitazama kwa macho gani? Tatu, ile hali ya moyo tunayoiona katika picha ni ya nani: ya mchorwa au ya mchoraji?

Mfano kutoka Ulaya

Maswali hayo matatu yamezoeleka kwa wale wanaochunguza picha za mabibi wa kiungwana zilizochorwa Ulaya katika zama za Mwamko wa sanaa na elimu, yaani karne ya 15 na ya 16. Tuchukue mfano mmoja mashuhuri. Yapata mwaka 1545 Agnolo Bronzino, mchoraji wa jumba la mtawala wa Florence, alimchora Eleonora wa Toledo pamoja na mwanawe mdogo Giovanni. Eleonora alikuwa binti wa mtawala wa Naples aliyewekwa na mfalme wa Hispania, naye aliolewa na Cosimo de' Medici mwaka 1539. Picha hiyo imo katika jumba la Uffizi mjini Florence.

Mtu akiitazama mara ya kwanza ataona nguo kuliko mtu. Gauni ni la kitambaa kizito cheupe chenye mapambo meusi na ya dhahabu, na katikati ya kifua limefumwa umbo la komamanga. Shingoni kuna lulu. Kiunoni kuna mshipi wa dhahabu na vito. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichowekwa ovyo. Komamanga lenye mbegu nyingi ni ishara ya uzazi na wingi, na katika sanaa ya Kikristo ni ishara ya ufufuo pia. Nasi twakumbuka kwamba makomamanga yalishonwa katika pindo la joho la Haruni (Kutoka 28:33-34). Mtoto aliyesimama kando ni ushahidi kwamba nyumba ya mtawala haitakosa mrithi. Lulu na dhahabu zasema kwamba hazina imejaa. Kwa kifupi, gauni lile ni tangazo la serikali.

Na uso je? Uso umetulia, hautabasamu, macho yanamtazama mtazamaji kama kutoka mbali. Wengine wameuona kuwa ni uso baridi, au wa huzuni. Lakini tusisahau kwamba picha iliagizwa, na mchoraji alikuwa mtumishi wa jumba lile. Utulivu huo ni adabu ya enzi: mtawala hajionyeshi kwa watu akiwa anacheka wala akiwa analia. Kwa hiyo tukisema kwamba Eleonora alikuwa mwanamke asiye na upole, tumeyachukua mavazi ya ofisi tukayafanya kuwa moyo wa mtu.

Hata katika historia ya kanisa letu jambo hili halikukosekana. Katharina von Bora, aliyezaliwa katika ukoo wa waungwana wadogo wa Saxony, alitoroka katika utawa wa Nimbschen mwaka 1523, akafunga ndoa na Martin Luther tarehe 13 Juni 1525. Muda mfupi baada ya ndoa hiyo, karakana ya Lucas Cranach mjini Wittenberg ilitoa picha nyingi za mume na mke huyo, zikiwa mbilimbili. Katharina hakuvaa shela ya mtawa, bali nguo za kawaida za mke wa mjini. Mtu wa siku zile hakuhitaji kuelezwa. Lile vazi lilisema kwamba ndoa ya mchungaji ni halali mbele za Mungu. Hapo vazi lilikuwa hubiri.

Mkutano wa Unyambewa

Sasa turudi kwetu. Richard Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh mwezi wa Novemba. Kazeh ilikuwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu katika utemi wa Unyanyembe, nayo ilikuwa njia panda: njia moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Baada ya kufika Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858, wasafiri hao walirudi Kazeh. Burton alibaki hapo, na Speke akaenda kaskazini mwezi wa Julai pamoja na askari Mabaluchi, wapagazi, na Sidi Mubarak Bombay, yule Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani hadi India. Tarehe 3 Agosti aliliona ziwa lile kubwa. Reli ya kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 na kupita Bukene, yafuata takriban mwelekeo uleule.

Huko njiani, katika Unyambewa, msafara ulilazimika kusimama ili kutoa hongo. Msomaji wa leo na akumbuke kwamba neno hili halikuwa na maana ya rushwa. Hongo ilikuwa ushuru wa halali aliolipwa mtawala na kila msafara uliopita katika nchi yake. Mtawala huyo alikuwa Ungugu, mwanamke mzee. Speke anaandika kwamba hakuwa ameona mwanamke mwingine katika cheo hicho, lakini anakubali kwamba aliurithi kwa kufuata desturi ya nchi. Kwa Wanyamwezi jambo hilo halikuwa mzaha. Katika temi zao nyingi urithi wa upande wa mama ulikuwa na nguvu, na mwanamke aliweza kukikalia kiti. Baadaye, Isike wa Unyanyembe alipokufa mwaka 1893 katika vita na Wajerumani, aliyesimikwa mahali pake alikuwa mwanamke, Nyaso.

Katika maelezo ya Speke twasoma kwamba Ungugu alivaa barsati kuukuu aliyopewa na mfanyabiashara Mwarabu. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimezungushiwa waya mwembamba wa shaba nyekundu. Miguuni alikuwa na vikuku vingi sana, vilivyosukwa kwa waya wa shaba juu ya singa za mkia wa ndovu au za punda milia, hata mwendo wake ukawa mzito. Mikononi alikuwa na bangili kubwa za shaba, na katika bangili nyingine nyembamba zilining'inia vipande vya mti, vya shaba, vya pembe na vya pembe za ndovu, vilivyochongwa kwa maumbo ya hirizi. Speke anaongeza maneno ya dharau juu ya sura yake, umri wake na uchafu wa nguo yake, ambayo hatuna haja ya kuyakariri.

Vitu vinasema nini?

Tukimsoma Ungugu kwa uangalifu uleule tuliompa Eleonora, twaona mambo matatu.

Kwanza ni barsati. Hii ilikuwa nguo ya pamba iliyoletwa kutoka ng'ambo ya bahari na kupandishwa bara kwa mabega ya wapagazi, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo 30 hivi au zaidi kwa muda wa miezi. Katika nchi ambako nguo ilikuwa ndiyo fedha, kuvaa nguo ya pwani aliyoitoa mfanyabiashara mwenyewe kulikuwa kuvaa ushahidi wa mapatano. Speke aliona uchafu tu. Wanyamwezi waliokuwapo waliona kwamba watu wa pwani wamemtambua mtemi wao.

Pili ni shaba na ndovu. Katika temi za Unyamwezi, ndovu aliyeuawa katika nchi alimpa mtemi haki ya kupata pembe moja. Pembe hizo ndizo zilizowavuta Waarabu kutoka pwani, nazo ndizo zilizorudisha waya na shanga na nguo. Basi miguu ile iliyolemewa na vikuku vya waya juu ya singa za ndovu ilikuwa imebeba biashara yote ya njia ile. Hata mwendo wake mzito haukuwa aibu. Mtu anayekimbilia kazi za shamba hawezi kuvaa hivyo. Aliyevaa hivyo ni mtu ambaye wengine humwendea.

Tatu ni hirizi. Hapa mchungaji hushtuka, na ni haki yake. Lakini tuelewe kwanza, ndipo tuhukumu. Mtemi hakuwa mtoza ushuru tu. Kwa imani ya watu wake, mvua, rutuba ya nchi na uhusiano na mababu vilimtegemea yeye. Mwili wa mtemi ukidhoofika, nchi nayo iliaminika kudhoofika. Kwa hiyo vile vipande vya pembe na mti havikuwa pambo la mwanamke mzee apendaye kujiremba. Vilikuwa mavazi ya ofisi yenye wajibu mzito mbele ya watu na mbele ya mizimu.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?

Bronzino alimchora bibi yake. Cranach alimchora mke wa rafiki yake. Speke alimchora mtu ambaye hakuijua lugha yake, aliyemchelewesha safarini, na ambaye hangeweza kamwe kukisoma kitabu chake na kumjibu. Hakuna agizo, hakuna upendo, hakuna hofu ya kusahihishwa. Katika hali hiyo kalamu huwa jeuri.

Tena, Speke alikuwa na miwani ya aina fulani. Katika kitabu chake kingine cha mwaka 1863 aliieleza hali ya watu weusi kwa kutumia habari za Nuhu na wanawe, kana kwamba laana ndiyo iliyowapata. Wanafunzi wetu wanajua kwamba katika Mwanzo 9:25 anayetajwa katika laana ni Kanaani, na kwamba kifungu hicho hakisemi lolote juu ya rangi ya mtu. Hata hivyo tafsiri hiyo potofu iliyafanya macho ya wasafiri wengi yaone kasoro kabla ya kuona mtu. Ufafanuzi mbaya wa Maandiko haukai kitabuni tu. Hutoka ukatembea barabarani na kuwatazama watu.

Hali ya moyo ya picha

Hata hivyo, picha ya Speke ina jambo ambalo mwandishi mwenyewe hakulikusudia. Baada ya dharau zake, anayasimulia matendo ya Ungugu, na matendo hayo yanashuhudia kinyume cha dharau.

Ungugu aliketi karibu na mgeni, akampa mkono. Kisha alianza kumchunguza: viatu kwanza, halafu suruali, halafu kizibao na hasa vifungo vyake, halafu koti, ambalo alilipenda hata akataka apewe. Aliishika mikono ya Speke, akasema ni laini kama ya mtoto. Nywele zake alizifananisha na manyoya ya shingo ya simba. Ndipo akauliza mgeni huyu anakwenda wapi.

Tuangalie mpango wake. Yeye naye alikuwa anasoma picha. Alipitia vazi kipande kwa kipande, kama vile mchunguzi wa sanaa anavyopitia gauni la Eleonora. Mikono laini ilimwambia kwamba mtu huyu halimi wala habebi mzigo. Basi ni tajiri, au ana watu wa kumtumikia. Simba, kwa Wanyamwezi, ni mnyama wa mtemi, na ngozi yake ilipelekwa kwa mtemi. Kwa hiyo ulinganisho ule huenda haukuwa mzaha mtupu. Na baada ya kuyakusanya hayo, aliuliza swali ambalo kila mlinzi wa nchi lazima aulize. Hali ya moyo tunayoipata hapa ni ya mtu aliye nyumbani kwake, asiye na hofu, mwenye udadisi na mwenye mamlaka. Dharau imo katika picha, lakini ni ya mchoraji.

Swali lake halikujibiwa kwa kweli. Speke hakuelewa, na watu wa msafara walijibu kwa sauti nyingi kwamba mzungu anakwenda ziwani kubadilisha nguo kwa meno ya viboko. Bila shaka waliona kwamba biashara ni jambo linaloeleweka, na kwamba kutafuta ziwa kwa ajili ya kuliandika tu kungeleta maswali mengi. Ungugu aliridhika, akaondoka, na hongo ikafuata. Lakini historia ilitoa jibu lingine. Mwezi wa Februari 1885 Mfalme Mkuu wa Ujerumani alitia sahihi hati ya kuziweka nchi kadhaa za bara chini ya ulinzi wake, na mwaka 1893 ngome ya Isike ilianguka Tabora. Yule mama aliyechekwa kitabuni aliuliza swali sahihi miaka 27 kabla ya hati ile.

Picha ya upande wa pili wa njia

Njia ya misafara ilikuwa na ncha mbili. Nguo ilipanda, pembe za ndovu zikashuka. Na pamoja na pembe walishuka watumwa. Katika ncha ya pwani tunayo picha nyingine. Yapata mwaka 1868 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Unguja, alipigwa picha mjini Hamburg. Alikuwa amekimbia Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden tarehe 30 Mei 1867 kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Katika picha ile huyu Mkristo mpya amevaa mavazi na vito vya binti wa mfalme wa Unguja, lakini uso u wazi, bila barakoa ambayo mwanamke wa cheo chake aliivaa mbele ya wageni.

Je, vazi lasema kwamba ubatizo wake ulikuwa wa bure? Au uso wazi wasema kwamba ameyaacha ya kwao? Hatuwezi kuamua hivyo. Hata utulivu wa uso wake tusiufanye huzuni upesi, kwa maana mpigwa picha wa siku zile alilazimika kukaa bila kutikisika. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 alijieleza kuwa mtu aliyebaki kati ya dunia mbili. Lakini hayo twayajua kwa sababu aliyasema mwenyewe. Hapa ndipo alipomzidi Ungugu: yeye aliipata kalamu.

Jambo moja linaziunganisha picha hizi mbili, nalo ni lile lisiloonekana. Bangili za Unyambewa na dhahabu ya Unguja zilibebwa na bega la mtu. Mpagazi hayumo katika picha, mtumwa hayumo. Salme mwenyewe, pamoja na ufasaha wake, aliutetea utumwa wa kwao katika kitabu chake. Basi hatusemi kwamba watawala wa zamani walikuwa bila hatia kwa kuwa walidharauliwa na wageni.

Neno kwa wachungaji

Maandiko yanatufundisha nini? Isaya 3:18-23 ina orodha ndefu ya mapambo ya mabinti wa Sayuni: vikuku, pete, hirizi, mavazi ya sikukuu. Kwa juujuu inafanana na orodha ya Speke. Lakini tofauti ni kubwa. Nabii haanzi na mapambo; katika mistari ya 14 na 15 anawashitaki wazee na wakuu kwa kuwaponda maskini. Mapambo yanahukumiwa kwa sababu ya bega lililoyabeba. Speke aliyacheka mapambo, bila kuuliza habari za bega.

Kitabu cha Kutoka chatupa jambo la pili. Pete za masikio zilizotolewa kwa ajili ya ndama (32:2-3) na vito vilivyotolewa kwa ajili ya maskani (35:22) ni vya watu walewale. Kitu chenyewe hakina mdomo; moyo na ibada ndivyo vinavyokipa neno. Luther alisema vivyo hivyo aliporudi Wittenberg mwezi wa Machi 1522 na kuwakuta watu wakivunja sanamu: kuvunja kwa mikono ni rahisi, kazi ngumu ni kuiondoa sanamu moyoni, na kazi hiyo hufanywa na Neno. Kwa hiyo hirizi ya Ungugu isifichwe wala isisifiwe kwa ajili ya utaifa tu. Ilikuwa tumaini la kweli la watu wa kweli, na Injili ilipofika ilikuja kulijibu tumaini hilo. Ila hatuwezi kulijibu tusilolisikiliza.

La tatu ni 1 Samweli 16:7. Bwana haangalii kama mwanadamu aangaliavyo. Mstari huu hutumiwa mara nyingi kumfariji aliyedharauliwa. Lakini uliambiwa nabii, yaani mtumishi wa Mungu aliyekuwa kazini na pembe ya mafuta mkononi. Ndiye aliyekuwa karibu kukosea.

Hitimisho

Tumeona kwamba vazi la mtawala husema, kwamba mwenye kalamu husema zaidi, na kwamba hali ya moyo tunayoiona katika picha yaweza kuwa ya mtazamaji mwenyewe. Wanafunzi watakaopelekwa kutumika Bukene, Nzega na kwingineko katika njia ile ya kale watakuta picha nyingi za namna hii: taarifa za wasafiri, picha za wamisionari na wabatizwa wao wa kwanza, na orodha za usharika zilizoandikwa na mkono wa mtu mmoja juu ya watu wengi. Na waziulize yale maswali matatu. Kisha wawatafute wazee walio hai, wawaulize la nne, ambalo Ungugu wa Unyambewa hakuulizwa: Wewe mwenyewe wasemaje?